Behewa dogo la mizigo lililokuwa likiacha reli kila kona

Kwa wanaojiundia mabehewa ya treni ndogo za mfano za kipimo cha Z, yaani 1:220 (ndogo mara 220 kuliko treni halisi), huenda hili likawapunguzia usumbufu. Behewa langu la boksi la futi 40, ambalo kwa kipimo hicho lina urefu wa milimita 55 hivi, lilikuwa likiacha reli kila likiingia kwenye kona. Njia ikinyooka, halikuwa na neno.

Niliongeza uzito wa madini ya risasi ndani, nikabadilisha magurudumu, nikapima upya upana wa njia: milimita 6.5 kamili. Wapi!

Kilichofichua tatizo ni kipande cha kioo. Nililiweka behewa juu yake nikabonyeza kila pembe kwa njiti ya meno. Gurudumu moja lilikuwa linaning'inia. Sakafu ya plastiki ilikuwa imejipinda kiasi ambacho jicho halioni. Sikuinyoosha. Skrubu ya bogi la mbele, yaani kigari cha magurudumu kilicho chini ya behewa, niliikaza mpaka bogi likabaki kuzunguka tu, bila kuyumba kushoto na kulia. Ya nyuma nikailegeza nusu mzunguko, bogi lake liweze pia kulalia upande. Siri iko hapo: ukilegeza zote mbili, behewa linapepesuka kama mlevi, ukikaza zote, gurudumu linarudi hewani. Kisha tone la rangi ya kucha kwenye kichwa cha skrubu, isijifungue yenyewe.

Sasa linapita kona zote, hata likisukumwa kinyumenyume.