Nilivyojifunza Kufundishia Mikokoni

Chuo cha ualimu kilinifunza kuandaa somo, kuandika ubaoni na kutunga mtihani. Namna ya kuwatoa watoto darasani, kuwaingiza kwenye tope la mikokoni na kuwarudisha wakiwa salama na wameelewa kitu, hilo ilibidi nilitafute mwenyewe. Nasimulia nilivyolitafuta kwa sababu walimu wenzangu wa visiwa vya Lamu, yaani Amu na Pate, na wa huko bara huniuliza nilisomea wapi, wakidhani ipo kozi moja iliyonipa yote. Mimi niliokota kipande hapa na kipande pale, na vingi havikunigharimu hata shilingi.

Nilishahudhuria warsha za mazingira katika kumbi za hoteli. Tunatazama picha ukutani tangu asubuhi, tunakula, tunapewa vyeti, na hakuna aliyelowa mguu. Habari tulizopewa zilikuwa za kweli na sikatai kwamba zilinifaa. Lakini tulikuwa tukiongezewa habari juu ya habari, nasi tulikuwa walimu wa sayansi, habari tunazo. Nilitaka mtu anionyeshe unasimama wapi kundi likiwa limetawanyika, unasema nini mtoto akiogopa kaa, na unaanzaje somo ambalo nusu yake hulijui mpaka ufike.

Kilichonisaidia kupanga mawazo yangu ni hati ya zamani, Azimio la Tbilisi, iliyotokana na mkutano wa mwaka 1977 ulioandaliwa na UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, kwa ushirikiano na UNEP, lile la mazingira. Humo malengo ya elimu ya mazingira yamegawanywa mafungu matano: mwamko, maarifa, mwelekeo wa moyo, stadi, na kushiriki. Nikachukua daftari langu la maandalio, na kando ya kila somo nikaandika linagusa fungu gani. Maarifa yalijaa ukurasa baada ya ukurasa. Stadi na kushiriki vilikuwa vya kutafuta kwa tochi. Tangu siku hiyo mafunzo yakitangazwa huuliza swali moja kabla ya kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu: nitatoka huko nikiweza kufanya nini?

Sehemu kubwa ya mafunzo yangu niliipata kwa mzee aliyekata mikoko tangu ujana wake, mpaka magoti yakamkataza. Nilimwendea kumuuliza majina ya miti tu. Akaniambia, "Mwanangu, majina utayapata kitabuni. Njoo na maji makavu nikuonyeshe."

Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na watoto wengi ninaowafundisha wamelelewa na fedha yake. Mzee alinipitisha kuanzia upande wa bahari: mlilana umesimama mbele kupokea mawimbi, nyuma yake mkoko wenyewe na mizizi yake ya matao, kisha muia na mkandaa, halafu mchu unajitokeza karibu na nchi kavu. Hakunieleza sababu. Alichuma jani la mchu akanipa nililambe. Lilikuwa na chumvi. Akanipa jani la mkoko nalo nililambe, halikuwa nayo. Akanyamaza, akaendelea kutembea. Hapo ndipo nilipoona ufundi niliokuwa nikiutafuta, kwa sababu nilianza kujiuliza mwenyewe kabla hajasema neno: huu unaitoaje chumvi, na ule unaizuia wapi? Mchu huitolea majanini, mkoko huizuia zaidi mizizini. Ningelipata jibu hilo kitabuni kwa dakika moja, ila swali nisingelipata.

Somo la jani la mchu sasa ndilo ninaloanza nalo kila ninapowapeleka wanafunzi wapya. Naomba walimu wengine waliige.

Mzee ndiye aliyenipa pia hesabu. Miti ya mikoko huuzwa kwa unene, na kila unene una jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Huhesabiwa kwa korija, yaani miti 20. Watoto wa wakataji wanayajua majina haya vizuri kuliko mimi, na wanapoulizwa, wale wanaokaa kimya darasani ndio wanaokuwa walimu wa kundi. Huwapa uzi na rula, wakazungusha uzi kwenye shina, wakapima mzingo, wakagawa kwa pai kupata kipenyo, kisha wakabishana mti huo umefikia boriti au bado ni mazio. Wanapima mraba mmoja tu wa msitu, lakini wakimaliza wanajua pale palikatwa nini na ni nini kilichobaki kukua. Mwalimu wa hesabu alipokuja kutazama aliomba nimpangie siku yake.

Hapa nataka kusema jambo linalonigusa sana. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, wakataji wa mikoko wa Lamu nao walizuiwa, na nyumba nyingi zikapata shida mpaka ruhusa iliporudi. Mwalimu wa mazingira hawezi kusimama mbele ya mtoto wa nyumba hiyo akamwambia kukata mti ni uovu, akamaliza. Mzee alinifunza kutofautisha kuvuna na kufyeka. Alikumbuka majahazi yaliyopakia boriti kwenda Uarabuni kabla biashara ya kuziuza nje haijapigwa marufuku mwaka 1982, na alinionyesha pahali ambapo mizigo mingi ilitolewa kwa pamoja na msitu haukurudi ulivyokuwa. Yeye mwenyewe alikuwa na kanuni zake: unachagua, unaacha mti mama wenye mbegu, unahama. Watoto wakisikia hayo kutoka kwa mtu aliyeishi kwa shoka, wanayachukua nyumbani bila ya kuhisi kwamba baba zao wametukanwa.

Tunamlipa. Wazazi huchangia mfuko wa klabu ya shule kila muhula, na humo tunatoa posho yake na nauli ya mashua. Mtu akimwalika mtaalamu kutoka mbali atamlipa bila kuuliza, basi mwenye ujuzi wa hapa naye alipwe.

Ratiba ya shule na ratiba ya bahari hazikuandikwa na mtu mmoja, na jambo hili huwashinda walimu wengi wageni. Hapa kwetu siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano hivi za asubuhi, ndani ya saa za masomo. Siku za maji mafu mabadiliko ni madogo, na ukienda utakuta maji yamesimama tu kati ya mizizi. Kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukikosa Jumatatu, Alhamisi si sawa tena. Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la kujaa na kupwa kwa bandari ya Kilindini, nami hulilinganisha na hesabu ya mwezi wa Kiislamu ambayo kila nyumba ya Amu inaijua. Mwanzo wa muhula nazungushia duara tarehe zote za bamvua na kumpelekea mwalimu mkuu kabla hajapanga mitihani. Hilo limeniokoa kuliko kozi yoyote. Na sheria yetu haivunjwi: tunaingia maji yakiwa bado yanatoka, tunatoka kabla hayajaanza kurudi, hata kama somo limenoga.

Huduma ya kwanza niliisomea kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, na hii sitaki mwalimu yeyote airuke. Kozi ya kawaida huzungumzia kutoka damu, kuzirai, kuvunjika. Uliza pia ya baharini. Mtoto akichomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani, jeraha huloweshwa kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuyavumilia, yajaribiwe kwanza kwa mkono wa mtu mzima asiunguzwe, kwa sababu joto hupunguza maumivu ya sumu ile. Kisha anapelekwa hospitali bila kuchelewa. Ndiyo maana mkobani mwangu hamkosi chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Kila mtoto huvaa viatu vya kufunga, kwani chaza walioshika mizizini hukata kama wembe.

Kutoka nje ya Lamu nilikotaka sana ni Mida, hori yenye mikoko karibu na Watamu. Nilivuka hadi Mokowe, nikapanda basi la kupitia Witu na Garsen hadi Malindi, halafu matatu ya Gede. Pale Mida kuna daraja la kamba na mbao linalopita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege, na kiingilio cha wageni husaidia karo za sekondari za watoto wanaotoka jamii za kandokando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke, kupitia mpango wa ASSETS wa shirika la A Rocha Kenya. Niliufurahia mpango wenyewe, lakini nilikwenda kumtazama mwongozaji. Nililipa kama mgeni yeyote, nikafuata kundi, nikaandika alichofanya badala ya alichosema. Alisimama jua likiwa usoni kwake, si usoni kwa wageni. Alingoja wa mwisho afike ndipo aanze. Sauti aliishusha kila alipotaka wasogee. Baadaye nilimwuliza alijifunzia wapi, akanieleza habari za mitihani ya Chama cha Waongozaji Watalii wa Kitaalamu, KPSGA, yenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Mimi si mwongozaji watalii, ila nilimwomba mwenzangu wa Shela anayejiandaa kwa ngazi ya shaba tusome pamoja. Yeye hunifunza ndege, mimi humsaidia kupanga maelezo yake. Tumefaidika wote wawili.

Juu ya maswali, nilisoma kazi ya mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyesikiliza kanda za masomo darasani na kukuta kwamba walimu wengi baada ya kuuliza husubiri kama sekunde 1 tu, kisha humtaja mwingine au hujijibu wenyewe. Wakifikisha sekunde 3, majibu ya watoto hurefuka, na hata wasiozoea kusema huanza kusema. Mzee wangu alikuwa akingoja hata zaidi bila kumsoma mtu. Mimi ilibidi nihesabu kimoyomoyo, na mwanzoni ule ukimya ulinitesa. Sasa naupenda.

Simu ina mengi, mradi upakue vitu ukiwa na mtandao mzuri, kwa maana mikokoni hautegemewi. Programu ya Merlin hutambua ndege kwa sauti na kwa picha. Seek hutambua mimea na wanyama bila kudai mtoto ajiandikishe, jambo ninalolijali. Miongozo ya ubora ya chama cha waelimishaji mazingira cha Amerika Kaskazini, NAAEE, ipo mtandaoni, na ingawa mifano yake ni ya kwao, maswali inayomwuliza mwalimu kuhusu usahihi na uadilifu wa somo yanatufaa na sisi. Kanuni 7 za Leave No Trace, za kutembea porini bila kuacha alama, nilizipunguza nikazifanya za tope: tunapita kwenye vijia vya wakataji tu, tusije tukavunja mizizi ya kupumulia. Wildlife Clubs of Kenya, iliyoanza mwaka 1968 kwa juhudi za wanafunzi wenyewe, bado ni njia rahisi ya mwalimu kujiunga na wenzake nchini akiwa mlezi wa klabu.

Wazazi na mwalimu mkuu hawakunisumbua kama nilivyohofia. Mtaala wa Umilisi unadai watoto watende, wachunguze, wahudumie jamii, na nilipoandika kila safari inatimiza kipengele gani cha mtaala, fomu zilirudi zimetiwa sahihi. Akina mama walitaka kujua mambo mawili tu: nani anashika mkono wa mdogo, na watarudi saa ngapi.

Lililonikuza zaidi baada ya mzee ni kutazamwa. Walimu kadhaa wa kisiwani tumekubaliana kwamba mmoja akitoka na darasa, mwingine anafuata nyuma na daftari, naye ana kazi moja aliyoombwa na mwenye somo. Mimi huomba niandikiwe watoto ambao sikuwasemesha kabisa. Orodha hiyo huuma, na somo linalofuata huanza nao. Hakuna hela inayotumika isipokuwa ya soda.

Sasa tunaandika kijitabu chetu cha mikoko kwa Kiswahili, kwa majina ya hapahapa, kila mti ukurasa wake: unaota wapi, unatambulikaje kwa jani na mzizi, wazee waliutumia kwa nini, na jambo moja la kufanya na watoto mbele yake. Wa mlilana umekamilika, na umeeleza jinsi mizizi yake myepesi inavyochongwa maboya ya nyavu. Wa mchu ni wangu. Wa muia uko kwa mwalimu wa Matondoni. Ukurasa wa mkomafi bado haujapata mwenyewe, kwa hiyo mwalimu yeyote wa Pate au Faza aliye na fundi au mzee anayeujua vizuri mti huo amwulize, apige picha ya tunda lake likiwa zima na likiwa limepasuka, atuletee kabla bamvua ya mwisho wa muhula haijapita.