Kondoo wangu alivyoanza kuzunguka nkadhani zizi zima limekwisha

Mie nafuga huku Micheweni, Pemba, mbuzi na kondoo jumla 11, watano kati yao nlinunua Tanga nkawavusha kwa boti mpaka Wete. Baada ya masika jike mmoja katika wale wa Tanga, hajatimiza hata mwaka, akaanza kupinda kichwa kushoto na kuzunguka upande ule ule mpaka anagonga ukuta, majani yapo mbele yake hayaoni. Usiku nkaingia kwenye simu nkakutana na skrepi, maradhi ya ubongo wa kondoo, hayana dawa wala chanjo, dalili zikishaonekana ni kufa tu, na Ulaya wanayajua tangu karne ya 18. Wallahi sikulala, asubuhi nkamwambia mke wangu nachinja wote.

Ami yangu ndo alonizuia, akasema mwanangu muite dokta wa mifugo kwanza. Dokta alipofika swali la kwanza lilikuwa umri. Akanambia skrepi inakaa kimya mwilini, mara nyingi inajitokeza kondoo ana miaka 2 mpaka 5, na anawashwa, anajisugua ukutani mpaka manyoya yanatoka. Wangu hakujikuna hata siku moja. Tena hata nchi zenye maradhi hayo si kila kondoo anayo, Marekani walipopima kondoo wa machinjioni 2002 na 2003 walikuta kama 1 katika 500.

Akambonyeza fuvu, upande mmoja laini, unabonyea! Akasema hii ni minyoo ya mbwa, mayai yanatoka kwenye kinyesi yanabaki kwenye majani, kondoo akila mdudu anapanda mpaka kwenye ubongo anafanya kifuko cha maji. Basi nkamchinja mwenyewe kabla hajajifia, tukapasua kichwa, kifuko kama yai la kuku, maji meupe, na ndani vidoadoa vyeupe vimejipanga. Niliumia, maana hivi vichwa siku zote tukiwatupia mbwa, na mbwa akila kile kifuko ndo minyoo inaanza upya.

Kichwa kile nkakichoma moto mpaka majivu. Mbwa wa jirani analinda shamba lake la muhogo, nkamwomba apewe dawa ya minyoo, nkainunua mie, sasa anapewa kila baada ya miezi 3. Mbuzi na kondoo 10 waliobaki wapo, wale wanne wa Tanga kila asubuhi kabla ya kuwafungulia nawapapasa vichwa mmoja mmoja.