Kumbukumbu ya mradi: mizani kando, futi na kiti mbele

Lengo la mradi ni mambo matatu: kiuno kipungue, miguu ipate nguvu, presha ikae sawa. Mhusika ni mtu mzima anayeshinda amekaa kazini, asiye na jimu wala chakula maalumu. Uzito unaandikwa mara moja kwa wiki tu, asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya kula chochote, maana mizani haitofautishi mafuta, misuli na maji. Kila gramu ya wanga inayohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Ndiyo maana mlo mmoja wa wanga na chumvi nyingi unaweza kupandisha mizani kilo nzima kesho yake, ilhali kilo moja ya mafuta ya mwili ni kalori kama 7,700, na hizo hazilundikani kwa chakula cha usiku mmoja.

Awamu ya kwanza: vipimo

Kiuno ndicho kipimo kinachokosewa kuliko vyote. Wengi hupima pale suruali inapofungwa, kisha wanashangaa namba haisogei. Bonyeza ubavuni kwa kidole upate ubavu wa mwisho, shuka upate ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, weka alama ya kalamu katikati yake. Fanya hivyo pande zote mbili. Futi ya kushonea ipite kwenye alama, iguse ngozi bila kuibana, na mgongoni isipande. Hapo kioo kinasaidia. Toa pumzi kama kawaida, ndipo usome. Pima mara mbili, na namba zikipishana zaidi ya sentimita 1, rudia. Kiuno kinatakiwa kiwe chini ya nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 170 abaki chini ya 85.

Kipimo cha pili ni kiti kigumu chenye kimo cha sentimita 43 hivi, kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Kunja mikono kifuani, simama wima na kukaa tena na tena kwa sekunde 30, hesabu ulivyosimama. Ukijirusha kwa kiwiliwili au ukikaa kwa kujiachia pu, hiyo haihesabiwi. Kipimo hiki kilibuniwa kwa ajili ya wazee, lakini kwa umri wowote kinafaa kujilinganisha na wewe mwenyewe, mradi kiti kiwe kilekile.

Presha: pumzika dakika 5 umekaa, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda wa mashine kwenye ngozi tupu. Usinywe kahawa wala kufanya mazoezi nusu saa kabla, na usipime ukiwa umebanwa mkojo. Usiongee. Chukua vipimo viwili vilivyoachana dakika 1, asubuhi na jioni, kwa siku 7. Vya siku ya kwanza tupa, vingine tafuta wastani. Mkanda mdogo kuliko mkono hupandisha namba bure, na mkono unaoning'inia vilevile. Wastani wa nyumbani ukifika 135/85 au zaidi, nenda nao kwa daktari, daftari mkononi.

Awamu ya pili: sahani

Hakuna chakula kilichopigwa marufuku. Kilichobadilika kwanza ni protini, kwa kuwa anayepunguza chakula bila protini ya kutosha wala mazoezi ya nguvu hupoteza misuli pamoja na mafuta. Kiwango cha mradi ni gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 70 hadi 84 kwa mtu wa kilo 70. (Mwenye ugonjwa wa figo asiguse kiwango hiki bila daktari wake.) Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa cha mililita 250 gramu 8, maharage yaliyopikwa gramu 8 au 9 kwa kila gramu 100, na nyama ya kuku iliyopikwa karibu 30 kwa kiasi hichohicho. Ukijumlisha utaona tatizo liko asubuhi: kifungua kinywa huwa wanga mtupu, halafu protini yote inarundikwa usiku. Mayai mawili na kikombe cha maziwa asubuhi tayari ni gramu 20.

Mafuta ya kupikia yanapimwa kwa kijiko, hayamiminwi. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori kama 120, na mkono unaomimina huwa mkarimu mno. Chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye vidonge vya mchuzi na vyakula vya pakiti. Mboga na kunde ziongezwe taratibu, na maji yafuatane nazo. Ukizirundika kwa siku moja, tumbo litajaa gesi na utaacha mapema.

Awamu ya tatu: mwendo

Kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki, zigawanywe utakavyo. Kasi inatosha pale unapoweza kuongea lakini kuimba huwezi.

Nguvu ni mara mbili kwa wiki, siku zisifuatane: kusimama kutoka kitini, pushapu za ukutani (baadaye za mezani, mwisho za sakafuni), kuinua nyonga ukiwa umelala chali, na kuvuta utepe wa mpira wa mazoezi uliofungwa mahali imara. Kila zoezi raundi 2 hadi 3 za marudio 8 hadi 12, na uache ukiwa bado una uwezo wa mawili zaidi. Ukifikisha 12 katika raundi zote, vipindi viwili mfululizo, ndipo unaongeza ugumu. Ongeza kitu kimoja tu kwa wakati, ili goti likilalamika ujue cha kulaumu.

Kinachoharibu mradi hapa ni haraka. Misuli huzoea mapema kuliko kano (nyuzi ngumu zinazoshikiza misuli kwenye mifupa), kwa hiyo unajisikia uko tayari kabla kano hazijawa tayari. Uchovu wa misuli unaoanza kesho yake na kuisha ndani ya siku 3 ni wa kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo, au yanayozidi kila kipindi, yanadai urudi hatua moja. Kifua kikibana, ukizunguzungwa au pumzi ikikata kuliko ilivyo kawaida, simama na utafute matibabu.

Hali ilivyo

Namba ya kiti inapanda mapema, na sababu si misuli mipya: mishipa ya fahamu ndiyo inajifunza kwanza kuitumia iliyopo. Kiuno kinafuata polepole, kwa hiyo kinapimwa kila baada ya wiki 2. Kukipima kila siku ni kupima makosa ya futi.

Kinachofuata ni mzigo: begi la mgongoni lililobanwa vizuri, lenye chupa mbili za lita 1 za maji, yaani kilo 2, kwenye zoezi la kiti peke yake. Sahani na kutembea vinabaki vilivyo.