Lenzi ya Luneburg: kugeuza mwale bila kugeuza antena

Mnaochapisha lenzi ya Luneburg (tufe linalokusanya mawimbi ya redio ya antena kuwa mwale mmoja) kwa printa ya 3D, mwale usipotoka vizuri tatizo mara nyingi liko kwenye ujazo wa plastiki, yaani kiasi cha plastiki dhidi ya hewa ndani ya tufe.

Kanuni ni fupi: kigezo cha dielektriki (kipimo cha jinsi nyenzo inavyopunguza kasi ya wimbi; hewa ni karibu 1) ni 2 katikati ya tufe, kisha kinashuka hadi 1 kwenye ukingo, kwa fomula 2 − (r/R)², ambapo r ni umbali kutoka katikati na R ni nusu kipenyo cha tufe. Ukiweka antena ndogo ubavuni mwa tufe, mwale unatokea upande wa pili ukiwa umenyooka. Sogeza antena nyuzi 20 kuzunguka tufe, mwale nao unageuka nyuzi 20. Hakuna saketi ya kubadili fezi (hatua ya wimbi katika mzunguko wake), wala lenzi yenyewe haili umeme.

Kwa gigahezi 10 wimbi lina urefu wa milimita 30. Tufe lenye kipenyo cha milimita 180 linatoa mwale wenye upana wa takriban nyuzi 10 hadi 12. Polistirini ina kigezo cha karibu 2.55, hivyo katikati jaza kama asilimia 65, ukipunguza kuelekea nje. PLA, plastiki ya kawaida ya printa za 3D, inachapika kwa urahisi, ila inapoteza nguvu ya wimbi zaidi. Kwa majaribio inatosha.

Vyumba vya hewa vya ndani visizidi milimita 5. Vikiwa vikubwa, wimbi linaanza kuviona kimoja kimoja na kutawanyika, na mialo ya pembeni, ile isiyotakiwa nje ya mwale mkuu, inapanda.

Halafu, ukitumia antena ya tarumbeta (yenye mdomo uliopanuka) kuwa ile antena ndogo ya ubavuni: kitovu chake cha fezi, yaani pale mawimbi yanapoonekana kuanzia, huwa ndani kidogo ya mdomo. Kwa hiyo kuigandamiza kwenye tufe si lazima kulete matokeo bora. Isogeze milimita mojamoja huku ukipima.