Siku moja maishani mwangu: kupima presha ya bomba la maji

Saa 12 asubuhi. Bomba la leo ni la chuma, mita 600, kipenyo cha ndani milimita 200, unene milimita 6. Limeshafukiwa, maungio tu yako wazi. Nakagua kwanza flenji, yaani sahani za chuma za kuzibia ncha. Kwenye bar 24, presha ya kipimo cha leo (bar 1 ni karibu presha ya hewa ya kawaida), kila moja itasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa tani 7.7, kwa hiyo egemeo bovu la kuizuia halivumiliki.

Saa 1. Tunajaza kutokea upande wa chini, lita 1.5 kwa sekunde, valvu za hewa zikiwa wazi. Ukiharakisha, hewa inanaswa kwenye miinuko.

Saa 4:30. Lita 18,850 zimeingia, maji yanatoka juu bila mapovu. Tunafunga na kuyaacha yalingane joto na chuma.

Saa 7. Wengi husema maji hayabanwi. Yanabanwa, ila kidogo mno: moduli yake ya ujazo ni kama gigapaskali 2.2, yaani zinahitajika bar 220 kupunguza ujazo kwa asilimia 1. Kabla ya kugusa pampu napiga hesabu. Kufikia bar 24, maji yatabanwa lita 20 na bomba litatanuka lichukue nyingine 8. Jumla 28, takriban lita 1.2 kwa kila bar.

Msaidizi anasoma alama za lita kwenye tanki la pampu, mimi nasoma geji, saa ya kuonyesha presha. Hapa ndipo hewa hujulikana. Ikibaki asilimia 0.5 tu, ni lita 94 zitakazobanwa hadi kama 4. Tutasukuma lita 90 za ziada, nyingi zikiingia mwanzoni huku sindano ikipanda kwa uvivu. Hapo tunashusha na kutoa hewa upya, maana hewa iliyobanwa hubeba nishati nyingi, na flenji ikiachia hurushwa mbali.

Saa 8. Bar 24, pampu imefungwa. Ikivuja lita 1.2 tu, geji inashuka bar nzima; ndiyo maana nakiamini kipimo hiki kuliko macho. Kinachovuruga ni jua: maji ya nyuzijoto 30 yakiongezeka nyuzi 1, presha hupanda kama bar 4, na uvujaji ukafichika humo. Kila nusu saa tunaandika joto la bomba pamoja na geji.

Saa 11 jioni. Tunashusha presha taratibu. Valvu ya hewa ya juu hufunguliwa kabla ya kumwaga maji, la sivyo ombwe litazivuta ndani gasketi, mipira ya kuzibia maungio.