Mfuko wa Hewa na Vitabu Vilivyonifundishia Kinanda cha Mabomba

Kila niliyemwomba ushauri kabla sijawafundisha watoto wa darasa la tano jinsi kinanda cha mabomba, ala ya muziki inayolia kwa hewa inayosukumwa kwenye mabomba, kinavyofanya kazi aliniambia jambo lile lile: chora kinanda ubaoni, andika majina ya sehemu zake, anza na historia. Niliufuata ushauri huo kipindi kizima, na ninaujutia hadi leo, kwa sababu watoto walinakili neno "mvukuto", yaani mfuko wa kusukumia hewa, kwa mwandiko safi bila hata mmoja wao kuelewa kwamba kinanda huishi kwa pumzi.

Kipindi kilichofuata nilifuta mchoro, nikachukua filimbi za plastiki na kuzitenganisha vichwa, kwa kuwa kichwa cha filimbi ni bomba la kinanda katika umbo dogo: hewa hupita kwenye upenyo mwembamba, hugonga ukingo mkali, na hewa iliyomo ndani ya bomba hutetemeka. Niliwauliza kitatokea nini nikiziba mwisho wake kwa kiganja, na karibu wote walisema sauti itakatika. Haikukatika, ilishuka karibu oktavu nzima, yaani kutoka do ya juu hadi do ya chini, nao wakataka nirudie tena na tena. Baada ya hapo hawakushangaa kusikia kwamba bomba lililozibwa la mita 1.2 hufikia sauti nzito sawa na bomba wazi la mita 2.4, na kwamba mafundi hutumia njia hiyo mahali ambapo dari ni fupi.

Kilichonisumbua kilikuwa upepo. Nilifunga puto kwenye kichwa cha filimbi, nikaliachia, likatoa mlio mkali wa kuumiza masikio, kwa maana msukumo wa puto ni mkubwa mno kwa filimbi. Nilipoubana mpira ili kuupunguza, sauti ikayumba hadi ikafa. Nilijaribu maputo kadhaa na yote yakanishinda.

Suluhisho lilikuwa mfuko mkubwa wa plastiki nzito. Kona moja niliibana kwenye kichwa cha filimbi kwa utepe wa gundi, kona nyingine nikaingiza bomba la pampu ya mkono, kisha juu ya mfuko nikalaza ubao na vitabu vizito, jumla yapata kilo 5. Watoto wawili walipokezana kupampu kwa kushtukashtuka, na bado sauti ilitoka imenyooka, kwa sababu uzito wa vitabu ndio ulioisukuma hewa, wala si mikono yao. Mivukuto mingi ya vinanda halisi hubebeshwa mawe au vyuma kwa sababu hiyo hiyo. Hakikisheni tu kwamba ubao umelala sawasawa, maana ukiinama mfuko hujikunja na sauti hutetereka.

Historia niliileta hapo, ilipokuwa na kazi ya kufanya: mvumbuzi Ctesibius wa Alexandria, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alitumia uzito wa maji kutuliza upepo wa kinanda chake. Watoto walimwelewa mara moja, kwa kuwa walikuwa wameshatumia vitabu kwa kazi ile ile.

Mmoja aliuliza kama kubonyeza vibonye vya kinanda kwa nguvu huongeza ukubwa wa sauti. Nilimwambia apulize filimbi kwa nguvu asikie mwenyewe: badala ya kukua tu, sauti iliruka juu. Ndiyo maana mpigaji huongeza safu nyingine ya mabomba kwa kuvuta kishikio chake, jambo tulilolionyesha kwa kipande cha kadibodi chenye matundu, kikitelezeshwa hadi matundu yake yalingane na ya kisanduku kinachopeleka hewa kwenye mabomba.

Mabomba yenye ulimi, yaani kibamba chembamba kinachotetemeka hewa ikipita, niliyawekea kipindi chake, na nawasihi wengine wafanye vivyo hivyo, kwa sababu kimo cha sauti yake hutegemea hasa urefu wa ulimi unaotetemeka, na si vyema kumvuruga mtoto ambaye ndiyo kwanza ameanza kuuamini urefu wa bomba.