Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa Darasa la Pili na mwinjilisti, Rungwe

Saa 11 alfajiri

Mwezi wa Juni huku kwetu Rungwe ni baridi kweli. Ukungu unashuka toka mlimani mpaka kwenye migomba, na kuni zikishanywa unyevu moto hauwaki haraka. Nikishabandika maji ya chai namwamsha baba watoto, kisha watoto, tunakaa jikoni kwenye joto na kusoma Neno la Siku.

Sisi Wamoraviani utaratibu huu tumeurithi toka Herrnhut, Ujerumani, ambako mwaka 1728 Zinzendorf, kiongozi wa kanisa letu wakati ule, alianza kuwapa waumini andiko moja la kwenda nalo kazini siku nzima. Kitabu cha kwanza kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Hadi leo maandiko ya Agano la Kale huchomolewa kwa kura, kama bahati nasibu, kule kule Herrnhut, halafu linatafutwa la Agano Jipya liendane nalo. Napata nguvu kila nikikumbuka kwamba andiko analolisoma binti yangu hapa jikoni, ndugu zetu wa Suriname nao watalisoma leo wakiamka.

Nimeajiriwa na serikali kufundisha, na kanisani natumika kama mwinjilisti wa kujitolea. Watu wengi huniuliza nawezaje kazi mbili. Mimi naziona ni moja.

Saa 1 asubuhi

Nafika shuleni, nasaini daftari la mahudhurio. Usafi, mstarini, Wimbo wa Taifa, ukaguzi wa kucha. Watoto wamevaa masweta yaliyopauka, wengine mabuti ya mvua ya kaka zao. Asubuhi kama hii siwakalishi sana nje.

Saa 2 asubuhi

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Darasa la Pili ni KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Mtoto akitoka hapa bila kusoma, Darasa la Tatu masomo yanaongezeka, na yeye anaanza kujificha dawati la nyuma. Wengi wanaoitwa watoro huko mbele walianza kutoroka wakiwa wamekaa darasani.

Tunaanza na sauti. Simfundishi mtoto kuiita herufi "em". Namfundisha afumbe midomo atoe "mmm", kisha aifungulie irabu: ma, me, mi, mo, mu. Kiswahili kimetubariki kwa hili, kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akishika irabu tano na konsonanti zake, mlango umefunguka. Ugumu unaanza kwenye nda, mba, nya, ng'o, na kwa watoto wetu ambao nyumbani wanaongea Kinyakyusa, l na r zinawasumbua sana. Mtoto anaandika "kalatasi" kwa sababu ndivyo anavyotamka. Hapo simkemei. Namwekea kiganja mbele ya mdomo wake, namwambia asikilize ulimi unavyotetemeka kwenye r.

Leo kuna kijana wangu mmoja ambaye tangu Januari alikuwa anakariri tu. Ukimwonyesha picha ya kalamu anasema "kalamu", ukiifunika picha ananyamaza. Nimempa kadi tatu nilizokata kwenye maboksi: ka, la, mu. Akazisoma moja moja. Nikazisogeza zikagusana. Akaangalia kwa muda mrefu, midomo inacheza, kisha akasema kwa sauti, "Kalamu!" Nikaondoa ka nikaweka sa. Akasita. "Sa... salamu. Mwalimu, ni salamu!" Darasa zima likapiga makofi bila mimi kuwaambia. Hakuna picha iliyomsaidia hapo. Amesoma.

Saa 4 asubuhi

Uji. Nachora picha za kesho huku nakunywa wangu. Kila nikichora namkumbuka Jan Amos Comenius, askofu wa Umoja wa Ndugu, kanisa la kale ambalo sisi ni uzao wake. Alifukuzwa nchini kwake kwa ajili ya imani, na mwaka 1656 mji wa Leszno alikokimbilia ulichomwa, maandishi yake mengi yakateketea. Miaka miwili baadaye, mzee mwenye zaidi ya miaka sitini, alichapisha kitabu cha watoto chenye picha, kila kitu na jina lake. Mtu aliyepoteza kiasi kile bado aliwaza mtoto ajifunzeje kwa urahisi. Natamani wachungaji wetu wamhubiri zaidi.

Saa 5 asubuhi

Kipindi cha dini, mara moja kwa wiki. Watoto wanagawanyika: Waislamu wanakwenda kwa ustadhi, Wakatoliki kwa katekista wao, na mimi nabaki na Wamoraviani pamoja na wengine ambao hawana mwalimu wa dhehebu lao. Tumeimba, nimewasimulia habari za kijana aliyetoa mikate mitano na samaki wawili. Katika vipindi vingine sihubiri, na naamini utaratibu huo ni sahihi. Mzazi Mwislamu amenikabidhi mtoto wake nimfundishe kusoma. Nikitumia nafasi hiyo kumvuta mtoto wake kwa siri, nitakuwa nimemwibia, na Bwana wangu hajanituma kuiba.

Saa 7 mchana

Madaftari, kisha nashuka bondeni kumfuata mtoto ambaye hajaonekana wiki hii. Nimemkuta ameketi mlangoni na mdogo wake mgongoni, mama yao ana homa ndani. Baba amekwenda kuchuma chai. Niliosha vyombo, nikachemsha maji, ndipo tukaongea. Nyumba hii haiendi kanisani kwetu wala popote. Mama mwenyewe ndiye aliyeniuliza, "Mwalimu, si huwa unaombea wagonjwa?" Nikamwombea, kwa ufupi. Halafu nikampigia mwenye bodaboda ampeleke zahanati, maana sala haikatazi dawa. Jirani, mama mtu mzima, amekubali kukaa na mdogo huyo asubuhi ili mwanafunzi wangu arudi darasani.

Saa 10 jioni

Darasa la watu wazima, kwenye jengo la kanisa. Ukutani kuna Mwanakondoo mwenye bendera na maneno yetu: Mwanakondoo ameshinda, tumfuate. Tangu mwaka 1891, akina Theodor Meyer walipofika Rungwe, shule na kanisa vilikwenda pamoja. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja na Waingereza wakawaondoa wamisionari wa Kijerumani, kazi ilibaki kwa wazee na walimu wenyeji. Kitu hicho nakisema kila ninapopata nafasi, kwa sababu vijana wetu wakisikia neno "mmisionari" wanamuona Mzungu peke yake. Waliobaki na kanisa ili lisife walikuwa watu wa vijiji hivi hivi, wenye Agano Jipya mkononi na kijiti cha kuandikia mavumbini.

Wanaokuja ni akina mama wengi na mzee mmoja. Si wote wanaotafuta Biblia. Wengine wamechoka kumpa mtu mwingine simu awasomee ujumbe wa pesa zilizotumwa na watoto wao mjini, maana msomaji huyo huyo huwa anajikatia chake. Hao nawapokea kwa furaha ile ile. Tunaanza na majina yao, tarakimu, kisha ujumbe wenyewe.

Kuna bibi mmoja hapa. Mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, yeye alikuwa binti mdogo aliyebaki nyumbani kuwabeba wadogo zake huku wenzake wakienda shule. Zaburi ya 23 anaijua yote, "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu," na mwanzoni alikuwa akiipitisha kidole huku akiisema kwa kichwa, kidole kimefika mstari wa pili na mdomo umeshafika bonde la uvuli wa mauti. Kwa hiyo leo nimemfungulia Ruthu, mahali ambapo hajawahi kukariri. Alisoma silabi kwa silabi, jasho kwenye paji la uso na baridi yote hii. Alipofika Ruthu anakwenda kuokota masazo shambani mwa watu, akasimamisha kidole.

"Mwalimu, kumbe alikuwa mjane kama mimi!"

"Ndiyo, bibi."

"Na akaokota mabaki ya watu?"

"Soma mbele uone."

Hakutaka nimsimulie. Aliendelea mpaka akamkuta Boazi, akacheka peke yake, akasoma tena aya ile ile kwa sauti ili wenzake wasikie. Nimehubiri mara nyingi katika jengo hili, lakini sijui mahubiri yangu gani yamewahi kumfikia mtu namna Ruthu alivyomfikia bibi huyu leo, kwa macho yake mwenyewe. Aliponishika mkono kuniaga, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nilishindwa kumjibu vizuri.

Saa 1 usiku

Ndizi na maharage, baba watoto ameshapika. Ibada ya nyumba leo ni kwa jirani. Wimbo, somo, maombi kwa ajili ya yule mama mwenye homa, na taarifa imekuja kuwa zahanati wamemkuta na malaria na amepewa dawa.

Saa 3 usiku

Andalio la somo la kesho: silabi za nya. Nimekata kadi mpya, nimepasi sare za watoto. Simu ikaita, ni mjukuu wa yule bibi. Bibi anauliza kama mdogo wake naye anaweza kujiunga Jumatatu. Nimemwambia aje na daftari tu, penseli ninazo.